Maskati na Kusini Zake Mbili

Mpaka katikati ya mwaka 1970, mji wa Maskati ulikuwa ukifungwa kila usiku. Saa tatu baada ya jua kuzama mzinga ulilia kutoka ngome ya Mirani, mabawabu wakayasukuma malango, na aliyechelewa akalala nje hadi alfajiri. Aliyebaki ndani naye hakuruhusiwa kutembea gizani bila fanusi mkononi, ili uso wake ujulikane. Kununua gari au kusafiri nje kulihitaji ruhusa ya Sultani Said bin Taimur, aliyekuwa akitawala tangu 1932 na ambaye miaka yake ya mwisho aliikalia Salala, kusini kabisa, asionekane mjini. Skuli za serikali zilikuwa tatu nchi nzima, zenye wanafunzi wasiofika 1,000, wavulana watupu. Barabara ya lami haikuzidi kilomita 10. Na utumwa ulikuwa halali.

Hilo la mwisho ndilo lililonifunga miguu. Mimi ni mzaliwa wa Ng'ambo, Unguja. Kwetu soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe ukafutwa kwa amri ya Aprili 1897. Huku, kwa jamaa wa ng'ambo ya pili ya bahari, kuna wazee wanaotembea barabarani leo ambao walizaliwa wakiwa mali ya mtu.

Nilifika Januari, wakati Maskati haichomi. Mji umejinyoosha kati ya milima ya mawe na bahari, majumba yake meupe, marefu machache, barabara zake zimefagiliwa mpaka unaona haya kutupa tiketi ya basi. Mji wa kale wenyewe ni mdogo sana. Kasri la Al Alam liko katikati, ngome za Mirani na Jalali ziko kila upande, na mbele ya kasri kuna Makumbusho ya Taifa, yaliyofunguliwa mwaka 2016. Jalali, iliyojengwa na Wareno kama mwenzake, ilikuwa gereza hadi miaka ya 1970. Siku hizi watalii wanaipiga picha kutoka baharini.

Ndani ya makumbusho utasimuliwa habari ya Nahdha, mwamko. Tarehe 23 Julai 1970 Qaboos bin Said, kijana wa miaka 29 aliyesomea uaskari Sandhurst, alimwondoa baba yake kwa msaada wa Waingereza. Mwezi uliofuata nchi ikaacha kuitwa Maskati na Oman, ikawa Usultani wa Oman. Utumwa ukafutwa. Skuli zikafunguliwa, za wasichana nazo. Uwanja wa ndege wa Seeb ukafunguliwa 1973, bandari ya Mutrah 1974, Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos 1986. Mafuta yalikuwa yameanza kusafirishwa tangu 1967, kwa hiyo fedha ilikuwapo.

Masimulizi haya ni ya kweli, na mtu wa haki hawezi kuyabeza. Lakini yana mtu mmoja tu ndani yake. Niliyoyasikia majumbani yana watu wengi, na wengi wao walitoka kusini: kusini ya Dhofar, na kusini ya kwetu, ya Unguja na Pemba, ambayo Seyyid Said bin Sultan aliitawala pamoja na Oman mpaka alipofariki mwaka 1856, na Waingereza wakazitenganisha dola hizo mbili mwaka 1861.

Mwenyeji wangu anakaa Al Khuwair. Ni bibi aliyepindukia miaka themanini, na zamani alikuwa jirani wa ukoo wetu kabla ya Mapinduzi ya 1964. Nilipoingia nikamwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba mwanangu, kisha kabla sijavua viatu akaniuliza kama ule mkunazi wa nyuma ya nyumba yao umekatwa. Nikamwambia umekatwa. Akanyamaza kidogo, akaniuliza ninakunywa chai ya maziwa au kavu.

Ukikaa sebuleni kwake utadhani uko Mji Mkongwe. Kanga zimetandikwa juu ya makochi, mkate wa sinia umefunikwa kwa kawa, na wajukuu wanaingia na kutoka wakichanganya Kiswahili na Kiarabu katika sentensi moja. Katika mkoba wa plastiki ndani ya kabati ameweka kitu alichonionyesha mara moja tu: cheti chake cha Cambridge alichokipata Unguja. Pembe zake zimekuwa kahawia na mkunjo wa kati umekaribia kukatika, maana alikisafirisha kimekunjwa mara nne ndani ya nguo. Alama za Kiingereza na hesabu ni nzuri. Alivuka nacho kwenda Mombasa, Cairo, Dubai, na mwishowe Maskati mwaka 1971.

Hapa ndipo ilipo sehemu ambayo makumbusho hayaielezi vya kutosha. Nchi ilipofunguka mwaka 1970 haikuwa na walimu, makarani, wauguzi wala mafundi wa simu, kwa sababu haikuwa imewasomesha. Walikuwapo lakini, wametawanyika: Waomani wa Afrika Mashariki waliokimbia Mapinduzi ya Januari 12, 1964, na wengine waliokwishasoma Cairo, London, Moscow au Berlin Mashariki. Sultani wa zamani hakuwapokea kwa mikono miwili. Sultani mpya akawaita. Wakaja na vyeti vyao, wakajaa wizarani, hospitalini na katika kampuni ya mafuta. Bibi alianza kufundisha wasichana ndani ya hema, kwenye mchanga, ubao umeegemezwa kwenye ngazi. Wengine kati ya wanafunzi wake walikuwa na umri wa kuolewa na hawajui kushika kalamu.

"Tulikuwa tunawafundisha Kiingereza, wao wanatufundisha Kiarabu," alisema. "Maana mimi Kiarabu changu kilikuwa cha kusalia tu."

Kuja kwao hakukuwa na mapenzi matupu. Waliokuwa wamebaki Oman katika miaka ya ufukara waliona watu hawa wanashuka kwenye ndege, wanavaa suruali, wanazungumza lugha ya Afrika, na wanapewa nafasi za juu. Wakawaita Wazanzibari hata waliotoka Bujumbura na Mwanza. Watoto wao walichekwa skulini kwa matamshi yao. Bibi huyu aliitwa Mmanga na Mwarabu alipokuwa Unguja, na hilo ndilo lililokuwa kosa lake. Alipofika kwa babu zake akaitwa Mwafrika. Alipokuwa akinisimulia haya hakulia wala hakulalamika. Alikuwa anachambua mchele.

Nami nilikuwa na langu la kumwambia, na nililisema kwa adabu. Babu yangu alikuwa mwanachama wa Afro-Shirazi. Katika uchaguzi wa Julai 1963 chama chake kilipata asilimia 54 ya kura na viti 13 tu kati ya 31, na serikali ikaundwa na wengine. Watu wa Ng'ambo walikuwa na dai la haki, la kura na la ardhi, na nyuma ya dai hilo kulikuwa na kumbukumbu ya utumwa. Kilichofuata Januari kilimwaga damu ya watu wasiokuwa na hatia, wengi, na hakuna dai linaloweza kukihalalisha. Yote mawili ni kweli. Bibi aliniangalia kwa muda, akasema, "Babu yako namjua. Ndiye aliyetupeleka bandarini." Hilo nyumbani hatukupata kuambiwa.

Kusini ya pili, ya Dhofar, niliipata kwa jirani wa Bibi, mzee wa Salala, mstaafu, mweusi kunishinda mimi. Yeye hakupewa Nahdha na mtu. Dhofar iliinuka Juni 1965, na kilichoanza kama uasi wa kabila na waliorudi kutoka kazi za Ghuba kikageuka vita vya kimapinduzi. Katika maeneo yaliyoshikwa na Front, chama cha wapiganaji wa Dhofar, utumwa ulipigwa marufuku kabla ya Maskati kuufuta, na wanawake walibeba bunduki. Mzee huyu alijifunza kusoma katika skuli ya wapiganaji ng'ambo ya mpaka, Yemen ya Kusini, akiwa na miaka kumi na tatu. Vita viliisha Desemba 1975, baada ya majeshi ya Sultani kusaidiwa na Waingereza, Wairani na Wajordani. Hapo ukaja msamaha, barabara, visima, na vyeo. Yusuf bin Alawi, aliyekuwa katika harakati za Dhofar ujanani, ndiye aliyeshika mambo ya nje ya Oman kwa miaka mingi, mpaka 2020.

"Wanasema Sultani alituletea shule," mzee aliniambia kwa Kiarabu, mjukuu wa Bibi akitafsiri. "Alileta, Mungu amrehemu. Lakini sisi tulikuwa tumeshaidai."

Kauli hiyo niliondoka nayo, nikatembea nayo mjini kwa siku kadhaa. Miaka yenyewe inashangaza ukiipanga. Januari 1964, Unguja inapinduka. Julai mwaka huohuo, Rais Lyndon Johnson anatia saini Sheria ya Haki za Kiraia, baada ya watu weusi wa Kusini ya Marekani kuandamana, kupigwa na kufungwa. Juni 1965 Dhofar inawaka, na Agosti sheria ya Marekani ya haki ya kupiga kura inapita. Miaka minane baadaye Atlanta, mji wa Georgia uliokuwa na vyoo vya weupe na vyoo vya weusi, unamchagua Maynard Jackson kuwa meya wake wa kwanza mweusi, na leo uwanja wake wa ndege una jina lake pia. Kule haki ilitoka barabarani ikaenda ikulu. Maskati ilishuka kutoka ikulu, imeandikwa, ina muhuri. Nadhani tofauti hiyo bado inaonekana katika namna watu wanavyoizungumzia: kwa shukrani nyingi, na kwa sauti ya chini kidogo.

Imeandikwa vizuri, lakini. Sheria ya Msingi ya 1996, kifungu cha 17, ilisema raia wote ni sawa mbele ya sheria, na wasibaguliwe kwa jinsia, asili, rangi, lugha, dini, madhehebu, makazi wala cheo cha kijamii. Rangi imetajwa kwa jina lake. Wanawake walianza kuchagua na kuchaguliwa katika Baraza la Shura mwaka 1994, kwa Maskati peke yake, na wawili wakaingia. Mwaka 2003 kura ikawa ya kila raia aliyetimiza miaka 21. Mwaka uliofuata Rawya bint Saud al Busaidi akawa waziri wa elimu ya juu, mwanamke wa kwanza kupewa wizara. Vyama vya siasa haviruhusiwi, na mwenye neno na serikali hupima anapolisemea. Mwaka 2011 vijana wa Sohar walitoka barabarani kudai kazi na kupinga rushwa; kuna aliyepigwa risasi akafa. Baada ya hapo mawaziri wakabadilishwa, ajira zikaahidiwa kwa maelfu, na Baraza likaongezewa nguvu za kutunga sheria. Hapo pia kuna waliodai kabla ya kupewa.

Alasiri moja nilikwenda soko la Mutrah kutafuta kofia. Mwomani bila kofia au kilemba hajavaa, na kofia hiyo, wanayoiita kumma, ni ile ile kofia ya viua ya kwetu, iliyovuka bahari pamoja na watu wake ikawa vazi la taifa zima. Muuzaji, kijana wa Bangladesh, aliniwekea mbili juu ya kioo. Moja ya cherehani, riali tatu. Nyingine ya mkono, riali arobaini. Akaigeuza ya mkono ndani nje na kuninyooshea kwenye taa: kila tundu limezungushiwa uzi kwa pembeni, mamia ya matundu, na kwa ndani hakuna ncha ya uzi iliyoachwa. Mwanamke anaweza kuishonea miezi. Kichwa kikipata joto hewa hupita hapo. Nilimuuliza nani ameishona, akasema hajui, zinaletwa na mama mmoja wa Seeb. Nilinunua ya riali tatu, ndiyo niliyoimudu.

Jioni nikawa natembea pwani ya Mutrah na mjukuu mkubwa wa Bibi, mhandisi wa maji, aliyezaliwa hapa na hajawahi kuhesabu maisha yake nje ya hapa. Kwake suala la Uzanzibari limeshapungua makali; anasema kazini ni vyeti na jamaa, kama kwingine. Lililobaki ni ndoa. Amri ya 1993 ilitaka Mwomani apate kibali cha serikali kabla ya kuoa mgeni, na kwa miaka thelathini mabinamu wa Unguja na Maskati walikuwa wakisubiri karatasi, au wakioana kimya kimya. Aprili 2023 Sultani Haitham bin Tariq, aliyerithi ufalme Januari 2020, alikiondoa kibali hicho. Mjukuu huyu ana mchumba Malindi, Unguja, na mahari yameshapelekwa.

Kikwazo kisichoondolewa na amri ni nasaba. Sheria ya familia ya 1997 inaitambua kafaa, yaani mke na walii wake wana haki ya kuangalia kama mume analingana nao, kwa dini na kwa desturi ya mahali. Desturi ya mahali ina kumbukumbu ndefu. Rafiki wa mjukuu huyu, ambaye babu yake aliachwa huru 1970, amesoma Uingereza, ana nyumba, ana mshahara mzuri. Ameposa mara mbili kwa watu wa kabila, na mara mbili ameambiwa kwa heshima zote, kahawa na tende mezani, kwamba Mungu amjaalie kheri pengine. Serikali imemfanya raia kamili. Jirani hajamfanya mkwe. Hili lilinikera kuliko yote niliyoyasikia Maskati, kwa sababu hakuna wa kumshitaki.

Halafu kuna walioko leo mahali pale ambapo babu wa rafiki huyo alikuwa. Kila Ijumaa Ruwi, mbele ya maduka ya kutuma fedha, unasikia Kiswahili cha Tanga, cha Mombasa, cha Morogoro, cha Kampala. Ni wasichana wa kazi za ndani waliopata ruhusa ya kutoka. Wale wasiopata ruhusa huwasikii. Human Rights Watch ilitoa ripoti juu yao mwaka 2017, Watanzania waliofanya kazi Oman na Emirati: pasi zimechukuliwa, saa za kazi hazina mwisho, mishahara imekatwa, wengine wamepigwa. Sheria ya kazi ya 2003 haikuwahesabu. Tangu 2021 mfanyakazi anaweza kuhama mwajiri mkataba unapoisha bila kumwomba ruhusa mwajiri wa zamani, na hiyo ni hatua ya kweli kwa wafanyakazi wengi wa kigeni. Lakini anayelala ndani ya nyumba anayoifanyia kazi, na simu yake imewekwa kabatini, atakwenda kulalamika kwa mguu upi?

Siku moja kabla ya safari yangu, binti mmoja wa Morogoro alikuja kwa Bibi kuleta sahani za harusi zilizoazimwa. Anafanya kazi kwa jamaa wa Bibi, mtaa wa pili. Hakukaa kitini mpaka alipoambiwa mara tatu. Wakati wa kuaga akatoa karatasi iliyokunjwa, mkataba wake, wote kwa Kiarabu, akauliza kama kuna anayeweza kumsomea, maana alitia saini uwanja wa ndege na hakuambiwa kilichomo.

Bibi akavaa miwani. Akasoma kifungu kwa kifungu, Kiarabu chake siku hizi kimenyooka, akimfasiria polepole. Mshahara. Miaka miwili. Siku moja ya mapumziko kwa wiki. Hapo binti akamkatiza: "Kwa wiki, Bibi?" Bibi akarudia kusoma. Kwa wiki. Binti ana miezi saba kazini na hajapata hata moja.

"Na pasi yako iko wapi?"

"Kwa baba mwenye nyumba. Amesema anaihifadhi."

Bibi akamweleza kwamba kuna waraka wa wizara, tangu mwaka 2006, unaomkataza mwajiri kuishika pasi ya mtu. Binti akasema yeye hataki ugomvi, anataka kumaliza mkataba wake tu amsomeshe mdogo wake. Bibi akamwambia hakuna ugomvi. Akaomba simu, akampigia huyo jamaa yake, mpwa wake, mtu mzima mwenye cheo, akazungumza naye Kiswahili mwanzo mpaka mwisho ili binti asikie kila neno. Alimuuliza hali ya watoto. Alimuuliza habari za mguu wake. Kisha akamwambia alete pasi ya binti wa watu, na Ijumaa hiyo asimtafute, atakuwa amepumzika.

Nadhani upande wa pili uliahidi kesho, maana Bibi alisema, "Leo. Kabla ya Isha. Mimi sina kwa kwenda."